Saa nane usiku pale Klabu

Nililelewa kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, katika nyumba ya chumba kimoja. Tarumbeta la baba lilikuwa na msumari wake ukutani, na sisi watoto tulikuwa na mkeka wetu chini yake. Baba alikuwa mpulizaji wa bendi ya polisi. Yeye Msamia wa Busia, mama Mnubi wa Bombo, jirani wa kulia Muacholi, wa kushoto Mteso. Kiswahili ndicho kilichotulea sote, kuanzia foleni ya bomba la maji hadi uwanja wa gwaride.

Ukitoka nje ya geti, mambo yalibadilika. Mjini, Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo lile halikukipunguzia hofu hata chembe. Ukimsemesha mama muuza nyanya pale soko la Owino kwa Kiswahili, alishtuka kwanza, ndipo akakujibu kwa Kiganda huku akitazama mikono yako. Nilijifunza mapema kunyamaza ndani ya teksi.

Kilichonirudishia lugha yangu ni muziki, na muziki wenyewe niliupata katika nyumba moja iliyokuwa chini ya bonde, si mbali na reli. Ilibadilishwa jina mara tatu na wamiliki watatu, kwa hiyo sisi wa bendi tuliiita Klabu, na wateja wetu wa siku zote wakaiita hivyo hivyo. Nilipiga pale kuanzia 1983 hadi ilipouzwa 2006.

Lakini kabla ya Klabu kuna jioni moja ya mwaka 1979 ambayo siwezi kuiruka. Aprili 11 Kampala ilikuwa imeanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Baba alikuwa amevua sare na kuificha juu ya dari. Siku zile aliyevaa sare ya serikali iliyoondoka hakujua ataamkia wapi. Wajomba zangu wa Bombo walikwishakimbia, wengine Sudan, wengine Zaire. Tulikuwa tumejifungia ndani, na baba, kwa kukosa la kufanya, akashusha tarumbeta, akasokomeza kitambaa kwenye mdomo wake mpana ili lisisikike nje, akaanza kupuliza polepole. Mlango ukagongwa. Mama akatukumbatia. Akaingia askari wa Kitanzania, kijana mrefu, bunduki mgongoni, akasema: "Shikamoo mzee. Samahani, naomba kuuliza, ni wewe unayepiga?"

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Sikuwa nimewahi kusikia mwenye bunduki akisema samahani. Watu wa Kampala waliwaita wale askari bakomboozi, neno la Kiswahili lililovaa nguo ya Kiganda, na ukiwauliza wazee hadi leo, wengi watakuambia jambo la kwanza walilolishangaa ni namna vijana wale walivyosalimia. Askari yule alitaka kujua kama baba anafahamu nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alikuwa amekufa Januari ile ile, ajalini huko Mombasa, vita ikiendelea. Akaimba mstari mmoja kwa sauti ya chini, baba akaufuata kwa tarumbeta lenye kitambaa, akaimba wa pili, baba akaufuata. Wakaenda hivyo mpaka giza likaingia. Hakuna aliyeongoza. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Mimi sikujua wakati ule kuwa nilikuwa natazama somo langu la kwanza.

Baba alinifundisha kusoma noti na kupumulia tumbo. Alinifundisha pia kulitunza tarumbeta: pistoni zikigoma, unazitoa moja moja bila kuzichanganya, unazifuta kwa kitambaa cha pamba kisicho na nyuzi, unaweka tone la mafuta ya cherehani, moja tu, na kuzirudisha kwa namba zake. Mafuta halisi ya pistoni hayakuwapo Kampala nzima. Harufu ya mafuta ya cherehani hadi leo inanifanya nitazame mlangoni kama baba anaingia.

Klabu nililetwa na mpiga drams aliyenisikia nikipiga kwenye harusi. Ukumbi wenyewe usingekushangaza mchana. Bati juu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu, viti vya chuma, jukwaa la mbao lenye urefu wa goti. Ukutani kulikuwa na picha ya mto Nile aliyoichora mteja mmoja kulipia deni la bia. Nyuma, chini ya mwembe, palikuwa na jiko la muchomo, na moshi wake uliingia dirishani kila upepo ulipogeuka. Katikati ya ukumbi zilisimama nguzo mbili za zege. Ile ya kushoto, upande wangu, ilikuwa na kasoro ambayo ilinichukua nusu mwaka kuielewa.

Aliyenieleza ni mama aliyekaa mlangoni. Kiingilio alikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga, akiwa ameketi juu ya kigoda cha miguu mitatu, gomesi yake, lile vazi la heshima la wanawake wa Uganda, imefungwa vizuri kana kwamba anakwenda kanisani. Hakuingia ndani hata mara moja wakati muziki unapigwa. Alisikiliza akiwa pale pale mlangoni. Usiku mmoja tukiondoka akanishika mkono: "Mwanangu, wewe wanakulipa bure. Mimi sijakusikia tangu uje." Nikaumia. Nilikuwa napiga kwa nguvu zangu zote. Kesho yake akanivuta hadi jukwaani, akaniambia nirudi nyuma hatua mbili, yeye akaenda mlangoni, akanipungia mkono nianze. Sauti ambayo siku zote ilikuwa inagonga ile nguzo na kunirudia usoni, safari hii ikapanda hadi kwenye bati, ikashuka upande wa pili. Mama akanyanyua kopo lake juu. Hatua mbili! Miezi sita nilikuwa napiga kelele na nguzo.

Hapa niseme kidogo kuhusu neno jazz, maana vijana huniuliza kama tulipiga jazz kweli au rumba. Kwetu Afrika Mashariki jina lilitangulia. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, na upande wa pili wa ziwa, huko Kongo, Kabasele akaunda African Jazz 1953, Franco na wenzake OK Jazz 1956. Ukisema jazz ulimaanisha bendi ya kisasa yenye magita na wapulizaji, watu wanacheza. Sisi tulipiga rumba, tukapiga nyimbo za Kiganda, tukapiga kopi za Nairobi na Dar. Kampala yenyewe ilikuwa njia panda: Samba Mapangala alipita hapa miaka ya 1970 akitokea Kongo kabla ya kwenda Nairobi, na Orchestra Makassy nayo ilikuwa hapa kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Kwa hiyo sikubali mtu anaposema ile haikuwa jazz kwa sababu watu walicheza.

Hata hivyo kulikuwa na saa moja ambayo hata mtu wa New Orleans asingeibishia. Miaka ile ya vita vya Luwero, kati ya serikali ya Obote na waasi wa Museveni, hakuna aliyetembea usiku kwa hiari. Vizuizi vya barabarani vilikuwa kila kona. Jumapili tulipiga mchana, watu wawahi kufika nyumbani kabla ya giza, lakini Jumamosi aliyeingia aliingia. Mlango ulikomewa kwa ndani na hakuna aliyetoka mpaka kunakucha. Ikifika saa nane usiku wachezaji wamechoka, wengine wamelala mezani, viatu vimevuliwa. Hapo kiongozi wetu, mpiga saksafoni ambaye sote tulimwita Mzee, alibadilisha ule mwanzi mdogo wa mdomoni, akaulowesha ulimini taratibu huku akitazama chini, akaanza kupiga peke yake. Ujana wake ulipita kwenye jukwaa la Suzana ya Nakulabye, na nyumbani alikuwa na sahani za Coltrane na Manu Dibango zilizochakaa mpaka sindano inaruka. Mmoja mmoja tulimfuata, wa besi, wa drams kwa brashi, wa solo. Wimbo mmoja uliweza kuchukua dakika arobaini. Hakuna aliyeomba tupige kingine.

Mimi katika saa ile nilikaa kimya miezi mitatu. Mara ya kwanza nilipojaribu, Mzee alisimamisha bendi nzima katikati, akanitazama bila hasira. "Mtoto wa afande, unapiga gwaride. Kila mguu unakanyaga chini. Kaa, usikilize watu wanavyotembea." Nikakaa na tarumbeta mapajani. Wiki ya kwanza nilisikiliza saksafoni tu, kwa wivu. Ya pili nikaanza kusikia besi inavyochelewa makusudi, unywele mmoja nyuma ya ngoma. Baadaye nikawasikia na wateja: kiti kinavutwa, mtu anacheka kule nyuma, mvua inaanza kuonja bati. Vyote vilikuwa na mahali pake. Usiku Mzee aliponiitikia kwa kichwa, nilipiga noti nne tu. Mpiga solo akazijibu. Sikuhitaji ya tano.

Lugha ya mazoezi ilikuwa Kiswahili. Wa solo na wa tumba walitoka Bukavu, wa drams Kisumu, Mzee alikijua tangu zamani, mimi ndicho cha nyumbani. Wa besi peke yake, Muganda wa Masaka, alikuwa amekianza ukubwani. Yeye alikuwa mtu mpole, mwenye vidole virefu, na alikuwa na kaka aliyechukuliwa katika panda gari. Msomaji wa nje ya Uganda huenda asilijue neno hilo. Wanajeshi walizingira mtaa alfajiri, wanaume wakatolewa nje, wakaamriwa kwa Kiswahili: panda gari. Malori yakaondoka nao. Wengine hawakuonekana tena. Maneno yale mawili yaliingia katika Kiganda yalivyo, bila kutafsiriwa, na yamebaki humo kama risasi iliyobaki mwilini.

Siku moja ya mazoezi tulikuwa tunajifunza wimbo unaohamia ufunguo wa juu katikati. Mpiga solo wetu, Mkongo asiyejua lolote la mambo haya, akaona besi inachelewa kuhama, akapaza sauti: "Panda! Panda!" Besi ikakatika. Nilikuwa nimesimama kando yake. Vidole vyake vilibaki juu ya nyuzi, vimekunjwa, havishuki wala havinyanyuki, na jasho likamtoka puani kwa vitone vidogo. Wa drams alipiga mapigo mawili zaidi, kisha akaacha. Hakuna aliyesema kitu. Mzee akaweka saksafoni kwenye kiti, akaenda akasimama mbele ya yule ndugu mpaka alipoinua macho. Halafu akatugeukia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hapa kwetu tunasema nyanyua." Tukarudia wimbo toka juu. Mpiga solo akasema nyanyua. Besi ikanyanyua.

Miaka iliyobaki yote, neno panda halikutamkwa kwenye jukwaa lile. Wanamuziki wapya walipojiunga waliambiwa siku ya kwanza, pamoja na saa za mazoezi. Nimefikiri sana kuhusu jambo hili. Mzee angeweza kumpa pole, angeweza kueleza, angeweza kumpa mapumziko. Alilitoa neno njiani, basi, kazi ikaendelea. Na ndugu yule, ambaye alikianza Kiswahili kwa kukiogopa, alikuja kutunga kwacho wimbo wa kumsifu mkewe ambao wateja waliuomba kila wiki.

Umeme ulikatika mara nyingi. Ulipokatika, magita yalikufa hapo hapo, sauti ya mwimbaji ikawa ndogo kama ya mtu anayeongea na jirani. Kumbi nyingine watu walidai kiingilio chao. Pale Klabu walisogeza viti. Tulibaki na drams, tumba, saksafoni, tarumbeta na mikono ya watu, mshumaa mmoja kwenye kila meza ya tatu, na ndugu wa besi akiimba sehemu yake kwa mdomo. Nakumbuka usiku mmoja wa mwaka 1985 umeme ulirudi katikati ya wimbo, magita yakangurumisha, na ukumbi mzima ukapiga kelele: "Zimeni!"

Januari 26, 1986 jeshi la Museveni lilipochukua Kampala tulifunga wiki mbili, tukafungua. Mwaka uliofuata, Mei 1987, ilikuja fedha mpya: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1, na juu yake asilimia 30 ikakatwa. Bendi ilikuwa imeweka akiba kwenye sanduku la drams kwa ajili ya amplifaya. Tulihesabu, tukahesabu tena, mama wa mlangoni akaja kutusaidia kuhesabu. Amplifaya ile tuliinunua 1990.

Kilichotuumiza zaidi hakikuwa fedha. Ulikuwa ugonjwa tuliouita Slim kabla ya kujua jina lingine. Katika bendi ya watu tisa tulizika watatu kati ya 1988 na 1993, na wateja sikuhesabu. Mwanamuziki Philly Lutaaya aliporudi kutoka Sweden na kusema hadharani mwaka 1989 kuwa anaumwa ukimwi, wapo waliomwita mwongo. Desemba ile alikufa. Pale Klabu watu walianza kusema waziwazi baada ya hapo, mezani, kwa sauti ya kawaida, nani anaumwa na nani anahitaji kupelekewa maziwa. Mama wa mlangoni aliweka kopo la pili.

Wa tumba alipokufa, Mzee hakutafuta mwingine kwa mwaka mzima. Ulikuwapo wimbo ambamo tumba zilikuwa na zamu yao peke yake, mapigo kumi na sita. Tulipofika pale tuliacha yote kumi na sita tupu. Mara ya kwanza watu walidhani tumekosea. Ya pili walielewa. Baadaye kulikuwa na meza moja ya nyuma ambayo wenyewe waliyahesabu kwa vidole, na tuliporudi ndani kwa pamoja, bila ishara, walikuwa wameshasimama. Nimepiga kwenye kumbi kubwa baada ya hapo. Sijawahi kusikia tena kimya cha namna ile, kimya chenye watu mia moja ndani yake.

Mzee alifariki 2001. Mmiliki wa tatu aliuza kiwanja 2006 na barua ya kutuarifu ilitufikia baada ya vyombo kuwekwa nje, mvuani. Tumba ziliharibika. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Baada ya hapo, nikitaka kusikia wapulizaji wanaojuana nilikuwa nakwenda kwa Afrigo, bendi iliyoanza 1975, na Moses Matovu na saksafoni yake, pale Club Obbligato. Ulipokuja ugonjwa wa korona, kumbi zilifungwa Machi 2020, mwezi ule ule aliokufa Manu Dibango kwa ugonjwa huo huo, zikafunguliwa Januari 24, 2022. Karibu miaka miwili bila jukwaa hata moja! Wapulizaji vijana niliowajua waliuza vyombo vyao. Mmoja anaendesha boda boda mpaka leo.

Nyumba yetu ya Klabu haikubomolewa. Ni kanisa la walokole sasa. Niliipita miaka mingi bila kugeuza shingo. Mwaka jana, Jumapili moja, nilisikia tarumbeta ndani, dhaifu mno, nikasimama mlangoni. Mchoro wa Nile umepakwa rangi nyeupe. Jukwaa limewekwa zulia. Nguzo zipo. Mbele ya ile ya kushoto alisimama binti wa miaka kumi na saba hivi, mashavu yamejaa, shingo imetoka mishipa, anapuliza kwa nguvu zake zote, na pale nilipokuwa nilisikia kinanda tu.

Nilisubiri ibada iishe. Nilimsalimia kwa Kiganda, akanijibu kwa Kiswahili cha shuleni, kilichonyooka, bila kutazama mikono yangu. Alidhani tarumbeta lake ni bovu. Nikamwomba anionyeshe pistoni. Ya pili ilikuwa inagoma kidogo, nikaifuta kwa leso yangu, lakini haikuwa hiyo. "Mwanangu," nikamwambia, "rudi nyuma hatua mbili." Akarudi moja, akanitazama. "Bado moja." Kisha nikatembea hadi mlangoni, nikasimama pale kilipokuwa kigoda, nikampungia mkono aanze.